Naombeni ushauri: hatamu mpya kwa farasi mwenye kichwa kipana, ngozi au sinthetiki?

Mtandikaji
Wakuu habari zenu. Nina farasi jike wa miaka 9, kichwa chake kimekaa kiajabu kidogo, paji pana, mataya mapana, afu kuanzia chini ya macho kinachongoka kwenda puani. Sasa hatamu (ile mikanda ya kumvalisha kichwani) za saizi ya kati zinambana kwenye paji mpaka masikio yanasukumwa, nikichukua saizi kubwa mikanda ya mashavu inakuwa mirefu mno, nafunga tundu la mwisho kabisa na lijamu, kile chuma cha mdomoni, bado linaning'inia linagongana na meno. Hii niliyonayo saivi alikuja nayo nilipomnunua, ngozi imeshaanza kupasuka pale vigwe (zile kamba za kumwongozea) vinapokunjwa kwenye pete ya lijamu kwahiyo ya kustaafu hii, hilo sina ubishi nalo.

Matumizi yangu ya kawaida tu, kupanda njia za vumbi na porini, uwanjani kidogo, mashindano labda huko mbele. Muuzaji mmoja ananing'ang'aniza nichukue ile wanaita ya anatomia, ile mkanda wa utosini umekatwa mviringo nyuma ya masikio na sponji nyiiingi, anasema ataacha kutupa kichwa (ni kweli anatupa kichwa, hasa wakati namvalisha na mwanzo wa safari, akishapata moto anatulia). Mwingine ananiambia achana na ngozi, chukua sinthetiki unaosha na maji umemaliza. Na mkanda wa pua eti nichukue wenye kamba ya ziada inayopita chini ya lijamu ili asifungue mdomo. Nipo njia panda, mnaojua nisaidieni niangalie nini kabla sijatoa hela.

KwatoNne
Mkuu tatizo lako sio ngozi wala sinthetiki, ni vipimo. Hayo majina ya saizi, poni, kati, kubwa, kila mtengenezaji ana yake, kati ya huyu ni kubwa ya yule. Chukua futi ya fundi cherehani pima kichwa chenyewe. Anzia pembe ya mdomo, pandisha shavuni, pitisha nyuma ya masikio, shuka upande wa pili mpaka pembe nyingine ya mdomo, hicho ndo kipimo kikuu. Afu paji, kuanzia nyuma ya shina la sikio moja kuzunguka mbele mpaka nyuma ya shina la pili, usivute futi ikakaza. Afu mzunguko wa pua pale mkanda utakapokaa, vidole viwili chini ya ule mfupa wa shavu unaojitokeza. Na mwisho koo, kutoka nyuma ya sikio kupita chini ya taya mpaka sikio la pili.

Ukishapata hivo nenda kwa muuzaji anayekubali kuchanganya vipande. Farasi wako anataka mkanda wa paji wa saizi kubwa na mikanda ya mashavu ya saizi ya kati, mbona kawaida sana hiyo. Kipimo chako kiangukie tundu za katikati, ili ubaki na nafasi ya kupandisha na kushusha, ngozi mpya inavutika ikishazoea.

shamba_boy
mm farasi namuona kwenye tv tu ila nimekaa hapa pembeni nasoma 😂 endeleeni wajuvi

FundiNgozi
Nimeshona hizi vitu miaka mingi acha niseme langu kwenye ngozi. Watu wanaangalia upande wa juu unaong'aa, hapo utadanganywa. Geuza mkanda uangalie upande wa ndani, uwe laini umeshikana, ukiona nyuzinyuzi zinatoka kama pamba hiyo ngozi ni ya tumboni, itavutika vibaya. Kunja mkanda, juu ikitoa mikunjo inayobaki au rangi inakatika basi umepakwa rangi tu juu. Sugua na kitambaa cheupe chenye unyevu, rangi ikitoka nyingi jua na jasho la farasi litaitoa na itaishia kwenye manyoya yake na nguo zako. Kingo ziwe zimesuguliwa na kuzibwa, zikiwa wazi maji yanaingilia hapo. Mishono iwe midogo midogo ya karibu, uzi umezama kidogo, ukipita juu juu unasagika mapema.

Bizimu pia usizidharau. Chuma kisichoshika kutu, sio kile cha kupakwa rangi ya fedha kinababuka. Kwenye lijamu kuna mikanda ya kulabu zilizojificha kwa ndani na ya bizimu za kawaida, za kulabu zinapendeza ila kulabu huioni ikichoka. Wewe unayetembea porini ningekupa bizimu.

Kingine, ngozi inataka kushikwa. Kila ukirudi pangusa jasho kwa kitambaa chenye unyevu, suuza lijamu, mara mojamoja fungua vipande vyote upige sabuni ya ngozi na mafuta kidogo. KIDOGO. Wengine wanalowesha mafuta mpaka mkanda unalegea, unavutika mpaka tundu zinakuwa mdomo wazi. Na usianike juani.

MzeeWaZizi
Fundi umeongea vizuri lakini hapo mwisho umenipa mimi ushindi, maana ni nani anafungua vipande vyote? Tuseme ukweli hapa. Mtu anapanda wikendi, anarudi amechoka, hatamu inatundikwa na jasho lake, mwezi unapita imekauka kama biskuti. Mimi natumia zile za BioThane, utepe wa poliyesta uliofunikwa plastiki, natumbukiza kwenye ndoo natoa nafuta basi. Haioti ukungu msimu wa mvua, haipasuki. Kwa matumizi ya mleta uzi ndo yenyewe, mazuri ya ngozi aachiwe wa mashindano.

FundiNgozi
@MzeeWaZizi sikatai mzee wangu. Ila hizo hazikatiki. Farasi akinasa hatamu kwenye tawi au akaikanyaga, ngozi itakatika yeye atoke salama, hiyo ya kwako itashika mpaka shingo iumie. Kama anachukua ya sinthetiki basi mkanda wa utosini uwe wa ngozi, zipo zilizochanganywa hivo. Na zile za nailoni tupu kingo zake zinachubua, hizo hapana kabisa.

MzeeWaZizi
Hapo kwenye utosi nakubali. Na asimfunge farasi mahali kwa hatamu hata iwe ya ngozi, avalishe kamba ya kichwani ya kawaida chini yake ndo amfungie hiyo. Lijamu likivutwa na farasi aliyeshtuka linaweza kuvunja taya.

DaktariWaKwato
Samahani naingilia, mimi ni mganga wa mifugo na hapa mnajadili mikanda wakati kuna dalili imetajwa mmeipita. Farasi anatupa kichwa akivalishwa. Kabla ya hatamu yoyote mwite mtu amkague meno. Meno ya farasi yanaendelea kutokeza maisha yake yote na yanasagika kwa kutafuna, lakini hayasagiki sawasawa, yale magego ya juu yanaota ncha kali upande wa nje, unaoelekea shavu. Sasa weka mkanda wa pua uliokaza, unalisukuma shavu kwenye ncha hizo, ndani kunakuwa na vidonda wewe huku nje huoni kitu. Kuna na yale meno madogo ya mbele ya magego, wengine wanayo wengine hawana, lijamu likiyagusa farasi anarusha kichwa juu. Meno yanatakiwa kuangaliwa angalau mara moja kwa mwaka hata kama hana shida.

Afu pitisha vidole taratibu nyuma ya masikio na kwenye shina la sikio. Akijikunja au akikwepa hapo, umepata jibu la nusu. Angalia pia kama kuna manyoya meupe kwenye mstari wa mkanda, hiyo ni alama kwamba pamewahi kubanwa muda mrefu. Mkanda wa paji mfupi ndo mchawi mkubwa, unauvuta ule wa utosini mbele unakuja kukaa juu ya shina la masikio, na hiyo mleta uzi ameshaieleza mwenyewe bila kujua. Kama meno na masikio viko sawa angalia mgongo na tandiko, farasi akiumwa mgongo analalamika kwa kichwa.

bintiwafarasi
Asante daktari! Na hiyo kamba ya ziada ya kufunga mdomo dada/kaka mleta uzi ACHANA NAYO. Farasi anafungua mdomo kwa sababu kuna kitu kinamuuma, ukimfunga mdomo maumivu yanabaki palepale ila yeye hana pa kukwambia. Mkanda wa pua wa kawaida unamtosha, na upime vidole viwili vya mtu mzima viingie MBELE, juu ya mfupa wa pua, sio pembeni. Pembeni pana nyama laini vidole vinaingia hata ukiwa umekaza, watu wanajidanganya sana hapo. FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, wenyewe wameanza kupima kwa kifaa tangu 2025, nafasi ya sentimita 1.5 juu ya mfupa, na wewe ukija kuingia mashindano utakuwa umeshazoea.

KwatoNne
@bintiwafarasi nakuunga mkono, ila tusiseme mikanda mingine yote ni mibaya, ule unaopishana kama X mbele ya pua una kazi yake kwa farasi wa kukimbia na kuruka, ukifungwa vizuri. Cha muhimu chochote kinachokaa chini kisiguse tundu za pua, farasi hawezi kuhema kwa mdomo kama sisi. Na mfupa wa pua kadri unavyoshuka unakuwa mwembamba.

Mtandikaji
Aisee nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea. Nimeenda kupima jioni hii. Nyuma ya masikio kweli akiguswa anakwepa, upande wa kushoto zaidi, na nimeona manyoya meupe machache ambayo siku zote nilidhani ni rangi yake. Paji limezidi mkanda nilionao karibu sentimita 4. Mtu wa meno nimeshaongea naye. Maswali mawili: hiyo ya anatomia ina maana yoyote au ni biashara tu? Na za bila lijamu kabisa mnazionaje, si ndo atapona mdomo?

DaktariWaKwato
Ya anatomia ina mantiki, ule mviringo unaacha nafasi ya masikio, na nyingi mkanda wa pua haupiti chini ya ule wa utosini kwahiyo hakuna mstari mwembamba unaokata pale juu. Lakini ikiwa saizi sio yake ni sponji ya gharama tu. Na sponji nene kwenye hatamu inayobana inazidisha kubana. Ukichukua hatamu rahisi ya vipande vinavyomtosha, mkanda wa utosini mpana na bapa, utakuwa umepata faida hiyohiyo karibu yote.

bintiwafarasi
Za bila lijamu mi natumia porini na farasi wangu anapenda, ila usidhani hazina nguvu, shinikizo linahamia puani. Chukua zile za kamba za pembeni tu, sio zile za vyuma virefu pembeni zinazokaza kidevu kwa nguvu ya wenzo, hizo mkono mzito unaumiza kuliko lijamu. Jaribu uwanjani kwanza pamefungwa, ujue anasimama ukimwambia simama. Na dressage ya FEI (yale mashindano ya farasi kufanya hatua za mpangilio uwanjani) hawaruhusu bila lijamu, kama una mawazo ya huko.

FundiNgozi
Na ukienda kuchukua nenda na lijamu lako, pamoja na hivyo vipimo. Lijamu litoke nusu sentimita kila upande wa mdomo, sio zaidi, likiwa pana linacheza linachubua. Koo nalo liachwe wazi, ngumi ipite kati ya mkanda na taya akiwa amesimama kawaida. Vigwe kwa porini chukua vyenye raba au vya kusokota, mikono ikiwa na jasho vya ngozi tupu vinateleza. Muulize muuzaji kama unaweza kumjaribishia juu ya kitambaa chembamba ili isichafuke, mwenye biashara yake hawezi kukataa.

Mtandikaji
Sawa wakuu, nimeamua: vipande mchanganyiko, ngozi, paji la saizi kubwa, mashavu ya kati, mkanda wa pua wa kawaida, bizimu. Sinunui mpaka mtu wa meno apite, kwa sasa namwendesha kwa kamba chini bila kitu mdomoni. @MzeeWaZizi ya kwako nitachukua vigwe tu, hivyo ndo vinaloa kila siku.

MzeeWaZizi
Haya, nusu mkate si haba 😄 Chukua rangi inayoonekana, ukidondosha kichakani usihangaike.