Mrejesho: ngoma ya mwembe au ya mfenesi?

Assalaam alaykum. Mtakumbuka niliwauliza nichongeshe ngoma ya mti gani, mwembe au mfenesi, maana ile ya zamani ilipasuka. Wengi mlisema mfenesi, na mmoja akaongeza kuwa hata kule India ngoma yao iitwayo mridangam huchongwa kwa mfenesi.

Basi fundi wangu hapa Wete kanichongea zote mbili, upana mmoja, urefu mmoja. Kuzipiga tu, tofauti mbingu na ardhi! Ya mfenesi inalia kali, ya mwembe nzito na sauti inakufa upesi. Nikataka nije niwaandikie siku ile ile. Babu akanicheka: "Mjukuu wangu, hebu tazama ngozi kwanza."

Kumbe ya mfenesi imewambwa ngozi ya mbuzi, ya mwembe ya ng'ombe, nene kama soli ya kiatu. Tukaziwamba upya zote kwa mbuzi, tukazipasha kwa moto wa makuti mpaka zikakaza. Tofauti ikabaki ndogo. Ukipiga ukingoni, mfenesi unatoa "ka" kavu, mwembe unaimeza. Ule mdundo wa katikati, nikifumba macho, sitambui ipi ni ipi.

Nimebaki na ya mfenesi, na kusema kweli si kwa ajili ya sauti. Mwembe dumuzi wanaupenda mno. Ile nyengine kaichukua mdogo wangu, na jana kanionesha vitundu vitatu na unga chini yake.