Mwanangu kakatwa alama za fizikia kwa kuandika majibu SAHIHI!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe nikipitiliza.

Binti yangu yuko S2, yaani kidato cha pili, katika shule moja ya Uganda huku mpakani Malaba. Jana kaniletea karatasi ya mtihani. Swali: mfuko wa saruji una tungamo la kilo 50, uzito wake ni kiasi gani? Waliambiwa wachukue mvutano wa dunia kuwa nyutoni 10 kwa kila kilo (nyutoni ni kipimo cha kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma). Mtoto kaandika nyutoni 500. Mwalimu kampiga X nyekundu na pembeni kaandika "kilo 50". Jamani, kilo 50 si zimo kwenye swali lenyewe? Sasa alikuwa anauliza nini?

Najua sokoni sote tunasema "uzito kilo kadhaa", na mimi dereva wa lori nasema hivyo kila nikipanda mizani. Hiyo ni lugha ya biashara, haina ubaya. Ila darasani tungamo ni kiasi cha maada kilichomo mfukoni, na uzito ni kani inayouvuta huo mfuko chini. Upeleke mwezini, uzito unashuka hadi nyutoni 81 hivi, na saruji haijapungua hata kijiko. Hata hapa duniani uzito haulingani kila mahali. Pale Kayabwe kwenye mstari wa ikweta, njia ya Masaka, mizani ya springi iliyo makini ingesoma kama nyutoni 489. Kwenye ncha ya kaskazini ingesoma karibu 492, kwa sababu dunia inazunguka na kiunoni imefura kidogo. Kilo ni zilezile 50.

Hilo pengine ningelimeza. Kilichonichoma moyo ni swali la msuguano.

Waliulizwa ni kani gani inayolisukuma lori mbele. Mtoto kajibu: injini inazungusha tairi, tairi linaisukuma barabara nyuma, na msuguano wa barabara unalisukuma lori mbele. X tena! Kisha maneno haya: "Msuguano huzuia mwendo siku zote."

Siku zote?! Nimeendesha malori miaka 19. Msuguano unazuia nyuso mbili zisiteleze, basi. Pale chini tairi linapogusa barabara, linataka kuteleza kwenda nyuma, na msuguano unalishika kwa kulisukuma mbele. Mvua ikishanyesha kwenye barabara ya udongo, injini inanguruma, tairi zinazunguka, lori halisogei hata shubiri. Utingo anashuka kutupa matawi na changarawe chini ya tairi. Anatafuta nini kama si msuguano? Na lori tupu ndilo linalotangulia kuteleza mlimani, maana tairi za nyuma hazijakandamizwa vya kutosha. Binti yangu aliyaona haya kwa macho yake likizo ya Desemba, amekaa kando yangu, miguu ya utingo imezama matopeni. Leo anaambiwa alichokiona ni uongo.

Nilikwenda shuleni asubuhi. Nikajibiwa: "Mzee, ndivyo ilivyo kwenye notsi." Notsi! Mtaala mpya ulianza 2020 ili watoto wafanye mambo kwa mikono, wasikariri tu. Inahitaji nini? Tofali moja, kamba na mizani ya springi. Livute juu ya sakafu, kisha juu ya mchanga, mtoto asome mwenyewe. Aone pia kwamba kulianzisha tofali kunataka nguvu zaidi kuliko kuendelea kulivuta. Somo limekwisha, na hakuna maabara iliyohitajika.

Mtoto alilia usiku. Kaniuliza, "Baba, mtihani ujao niandike ulichonifundisha au niandike notsi?" Sikuwa na jibu.

Walimu wa fizikia mlio humu, nisaidieni. Jumatatu narudi na karatasi hii kwa mwalimu mkuu, nadai alama zirudishwe. Niandikieni maelezo mafupi ya kitaalamu niyachape nimpelekee, kwa sababu neno la dereva hawalisikii.