Tupeane uzoefu: Stokingi na sketi kwa sisi watu wazima, tuendelee nazo au tuziache?

WaKikwajuni:
Asalaam alaykum wenzangu, na wasio Waislamu hamjambo nyote.

Nimestaafu mwaka jana nikiwa na miaka 60. Jumamosi nilikuwa nakwenda kwenye mahafali ya mtoto wa dada yangu. Nimekaa ukingoni mwa kitanda navaa stokingi, sketi na koti lake vimetandikwa pembeni, binti yangu akaingia. Akasimama akaniangalia. "Mama, bado tu unajitesa na hizo?" Hakusema kwa ubaya. Lakini mguu mmoja umo ndani, mwingine uko nje, na mie nikakosa jibu.

Nilianza kuzivaa mwaka 1987 nilipoajiriwa ofisini. Waraka wa kutulazimisha sikuuona, ila ukifika na miguu mitupu utaulizwa kama umeamka vibaya. Enzi hizo tunatoka nyumbani na baibui, tukifika tunalitundika nyuma ya mlango, ndani umevaa sketi iliyopita magoti na ushungi wako. Mama mmoja mkubwa wetu kikazi, Mungu amrehemu, ndiye aliyenipa pea ya kwanza. "Vua pete kwanza, mwanangu. Kusanya yote mpaka vidoleni, halafu ipandishe kwa viganja, si kwa kucha." Akaniambia mwanamke wa ofisi haonyeshi mguu mtupu, na mie nikalishika neno lile miaka zaidi ya 30.

Sasa adhuhuri, nani anaikumbuka? Wanawake watano chumba kimoja, kila mtu avue ya kwake atie udhu. Mguu ukishapata maji nailoni haipandi. Inanata gotini, ukivuta inatoka tundu, na tundu likitoka uzi unafumuka mpaka kifundoni. Kwenye droo yangu palikuwa na kopo la poda na kichupa cha rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, na mie kucha zangu sijapata kuzipaka. Ilikuwa ya kushika uzi usiendelee kufumuka. Msimu wa kaskazi harara zinanitoka kiunoni pale lastiki inapobana, nikifika nyumbani navua kwanza ndipo nisalimie watu.

Nataka kuwasikia wa umri wangu na zaidi. Mnavaa bado? Kwa ajili ya nini? Wadogo zetu nao waseme, lakini kwa adabu.

MamaWete:
Wa alaykum salaam dada. Mie sijapata kuzipenda. Mwanangu wa kiume alioa Dar, wakwe wakatuletea sare: gauni la kuishia chini kidogo ya goti, na pakti ya stokingi. Na mie usiku wa kuamkia safari nilishatia hina, nyayo zote na vidole mpaka juu ya kifundo. Nimelala miguu imefungwa vitambaa, sigeuki. Asubuhi nimebandua, imeiva nyekundu hasa. Halafu niivike soksi? Hina ya mama wa bwana harusi haitiwi bure. Nilivaa gauni lao, nikajifunga kanga juu yake mpaka kifundoni, miguu nikaiacha wazi. Wakwe wale wale ndio walionifuata kuniuliza nani kanitia.

DukaDarajani:
Nimeuza soksi na nguo za ndani Darajani miaka mingi, nina la kusema.

Kwanza ile namba ya denia kwenye pakti. Si saizi ya mtu. Ni uzito wa uzi: mita 9,000 za uzi ule zina gramu ngapi. Denia 15 ni nyembamba, ngozi yote inaonekana. Kuanzia 40 kwenda juu inakuwa nzito. Wateja wangu wengi walidhani namba kubwa ni kwa mtu mnene. Mama wa watu anachukua 70 mwezi wa pili, jua la Unguja, kesho anarudi ananilaumu.

La pili ndilo linaloniuma mpaka leo. Pakti zimeandikwa "rangi ya mwili". Mwili wa nani? Tulikuwa tunaletewa rangi ya ngozi ya Mzungu, mama mweusi akizivaa mguu unakuwa kama umepakwa majivu. Nimewaona wateja wakijitazama kwenye kioo changu, wanakaa kimya, wanalipa, kwa sababu kazini zinatakiwa. Mmoja alinirudishia akasema, "Mdogo wangu, hizi zinanifanya nionekane maiti." Siku ile nilichukua pea tatu nikaziloweka kwenye sufuria ya chai ya rangi, majani mengi, moto umeshazimwa, nikaziacha mpaka zikapoa. Zilitoka maji ya kunde mazuri kabisa. Nikampelekea mwenyewe mpaka kwake Mlandege. Siku hizi kahawia na nyeusi zinapatikana, lakini miaka yote ile tuliambiwa mguu nadhifu ni mguu wenye rangi isiyo yetu.

Na wanaosema ndiyo heshima ya mwanamke tangu zamani, si zamani hiyo. Stokingi za nailoni za kampuni ya DuPont zilianza kuuzwa Marekani yote Mei 1940. Vita vikachukua nailoni kwa maparachuti, wanawake wa Ulaya wakawa wanajichora mstari nyuma ya mguu kwa penseli ya nyusi ionekane kama mshono. Hizi zilizoungana mpaka kiunoni zilitoka mwaka 1959, kiwanda cha Glen Raven, huko huko Marekani. Bibi yangu alizaliwa kabla yake, na heshima alikuwa nayo.

BibiWaWajukuuTisa:
Wanangu, mie nimezaliwa 1950. Januari 1969 nilikuwa Dar nasoma, wakati wa Operesheni Vijana, vijana wa TANU Youth League wanakagua sketi za watu barabarani. Sketi yangu haikuwa fupi, lakini nilisimamishwa kituo cha basi, kijana wa umri wa kaka yangu akaniinamia magotini kuangalia imefika wapi. Sijalisahau lile. Nikarudi Unguja, nikaajiriwa, nikaambiwa nivae stokingi. Sasa nina miaka 75 na mjukuu ananiambia nizivue, zimepitwa na wakati. Kila zama ina mtu wa kuitazama miguu yangu. Mie navaa siku nikijisikia, nyeusi, nzito, na raba, kwa sababu alfajiri magoti yananiuma baridi.

KwayaMkunazini:
Shikamooni mama zangu. Sisi kanisani Mkunazini kinamama wa kwaya bado tunavaa Jumapili, hasa Pasaka na Krismasi. Mama yangu alikuwa anafua zake Jumamosi jioni kwa sabuni ya mche, kwa mikono, anazitandaza juu ya taulo kivulini kwa sababu jua linaua lastiki. Amefariki miaka minne sasa. Mie nina 52 na nikizitandaza namwona yeye. Joto lipo, sikatai, kanisa linajaa na feni hazitoshi. Lakini siziachi.

BintiFuoni:
Samahanini shangazi zangu, nauliza. Ukiwa kazini umevaa sketi ndefu na stokingi, je, unaweza kusali nazo vile vile? Nina miaka 29, sijapata mtu wa kumuuliza bila kuona haya.

MwalimuWaChuo:
Usione haya mwanangu, limeulizwa na wakubwa zako wengi. Sisi huku tunafuata madhehebu ya Shafi, na ndani yake mwanamke katika sala husitiri mwili wote isipokuwa uso na viganja, kwa hiyo nyayo zimo. Kinachositiri ni kile kisichoonyesha rangi ya ngozi. Ile nyembamba ya kuonyesha haitoshi, itabidi uvae soksi nzito juu yake au nguo ya sala ya kufunika mpaka chini. Nzito isiyoonyesha inatosha. Na udhu lazima uvue, maji yafike mguuni. Kupangusa juu ya khufu, zile soksi za ngozi, badala ya kuosha mguu kuna masharti yake na nailoni nyembamba haimo.

Mie nilifundisha skuli ya serikali asubuhi na chuo cha Kurani jioni. Nilichofanya niliacha zile za mpaka kiunoni, nikavaa za kuishia chini ya goti, nyeusi, chini ya sketi ndefu. Kuvua ni mara moja, kuvaa ni mara moja. Nimesali sala zangu kwa wakati miaka 20 bila kugombana na lastiki.

MuuguziMstaafu:
Nimesoma yote, mmenigusa. Nami nieleze la mguu wangu mwenyewe, kwa sababu humu nina hakika wapo wenye hali hii na wanaificha.

Nimesimama wodini miaka 33. Baada ya mtoto wa tatu mishipa ya mguu wa kushoto ilianza kutuna, ya kijani, imejikunja kama mzizi. Nikawa navaa stokingi nzito ili isionekane. Nilikuwa naificha tu, siitibu, na mie ndiye muuguzi! Ndani ya vena za miguuni mna vilango vidogo vinavyozuia damu isirudi chini. Vikilegea damu inatuama, mguu unakuwa mzito, jioni kifundo kimevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Stokingi ya kawaida ya dukani haisaidii hapo, na ile inayobana kiunoni au gotini tu inazidisha.

Zipo soksi maalumu za kubana. Zinabana zaidi kifundoni, na kadiri zinavyopanda ndivyo zinavyolegea, ili damu isukumwe juu. Wengi wetu za kuishia chini ya goti zinatosha. Huvaliwa asubuhi kabla hujashuka kitandani, mguu haujavimba bado. Mie nilikuwa navaa baada ya kufagia uani na kupika chai, nikashangaa hazipandi. Usiku zinavuliwa. Baada ya miezi kama sita nguvu yake inaisha, badilisha. Saizi hainunuliwi kwa kukisia, unapima kifundo na shavu la mguu kwa futi ya fundi cherehani.

Mwenye kisukari, au aliyeambiwa damu haifiki vizuri miguuni, asizivae bila kuonana na daktari, zinaweza kumdhuru. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, unauma, umepata moto, hiyo si habari ya soksi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Harara na muwasho nazo zisemwe. Nailoni ya kubana kutwa nzima katika joto letu inafuga fangasi, na wanawake wazima wananong'ona nalo mpaka limekuwa kubwa. Kama ni lazima uvae, tafuta yenye pamba sehemu ya ndani.

MtotoWaMwisho:
Mimi mwanamume, mniwie radhi. Mwaka juzi nilimpeleka mama Umra, ana miaka 71. Mtu akatuambia azivue zile soksi za kubana kwa sababu ya ihramu. Tukauliza, tukaambiwa katazo la nguo zilizoshonwa ni letu wanaume, mwanamke anazuiwa nikabu na glovu, soksi anavaa. Alitufu na kusai nazo. Miaka iliyopita akirudi safari ya ndege viatu havimwingii, safari ile alishuka uwanjani kwetu na makubadhi yake mguuni.

WaKikwajuni:
Nimesoma usiku wote, ahsanteni. Siku ile ya mahafali nilizivaa, na nimekaa saa nne nafikiria kiuno changu tu, mtoto wa watu hata sikumsikia jina lake lilipoitwa. Nalijutia hilo.

Nimefungua droo jana. Zimo pakti sita mpya, zote ile rangi aliyoisema DukaDarajani. Nimempa binti yangu azitie vitunguu saumu atundike jikoni. Iliyobaki ni ile pea ya kwanza ya mwaka 1987, imefumuka, imeshikwa na rangi ya kucha sehemu tatu. Ile nimeirudisha mahali pake.

Na Bi Muuguzi, mishipa ya kijani na mie ninayo, mguu wa kulia. Sijapata kumwambia mtu. Leo asubuhi kabla sijashuka kitandani nimepima kama ulivyosema: kifundo sentimita 23, shavu la mguu 37. Hiyo ni saizi gani, dada?