Tupeane uzoefu: Kwenye kompyuta inacheza safi, ikichomwa DVD inakuwa kituko

FundiTaimlaini:
Wadau, tukusanye hapa kesi za kuedit, efekti na kuchoma DVD. Sharti ni moja, usiandike "haifanyi kazi" ukaishia hapo. Taja dalili, chanzo na tiba. Naanza mimi.

Dalili: kwenye kompyuta picha ni shwari, kwenye TV kila kinachotembea kinatetemeka. Mtu akivuka fremu anaonekana anaenda mbele na kurudi nyuma, ila ukuta na meza vimetulia. Hapo fildi (nusu mbili za kila fremu, mstari mmoja huku mmoja kule, zinazoonyeshwa kwa zamu) zimepinduliwa. Kamera za mkanda wa DV hurekodi fildi ya chini kwanza, kamera za HD za aina ya HDV na AVCHD za 1080i hurekodi ya juu kwanza. Ukiingiza klipu ya DV halafu ukaiambia programu kwamba ni "juu kwanza", itakuamini na kupanga mistari kinyume cha muda. Kompyuta inaficha kosa kwa sababu kicheza video huchanganya fildi mbili kabla ya kukuonyesha. Tiba: fungua sifa za klipu, weka chini kwanza, enkodi upya (ibane tena kuwa video ya DVD). Usiguse kingine. Jaribu kwenye DVD-RW kwa kipande cha dakika moja chenye mtu anayepita kwa upande, usichome filamu nzima kwa ajili ya kupima.

KataUnga:
Naunga mkono. Na wale wanaokimbilia kuondoa fildi kabisa "ili iwe safi", acheni. DVD inabeba fildi bila shida. Ukiziondoa kwenye klipu ya 50i (fildi 50 kwa sekunde) unatupa nusu ya mwendo, na mchezo wa mpira utauona unarukaruka.

MamaKlipu:
Kesi ya sauti kupishana na midomo ndiyo inayoliza watu wengi, na wengi huanza kwa kuisukuma sauti kwenye taimlaini kwa kubahatisha. Kabla ya kusukuma chochote jiulize: pengo linakua au liko vilevile tangu mwanzo?

Kama liko vilevile, mfano nusu sekunde dakika ya kwanza na nusu sekunde dakika ya sitini, sogeza tu, kazi imeisha. Kama linakua, kusogeza ni bure, kasi hazilingani. Chukua video ya fremu 29.97 iliyosomwa kama 30: tofauti ni asilimia 0.1, ambayo kwa saa nzima ni sekunde 3.6. Dakika tano za mwanzo huoni kitu, unasaini kazi, mteja anafika kwenye hotuba ya mwisho na mzungumzaji ameshafunga mdomo wakati sauti bado inaendelea.

Mbaya zaidi ni klipu za simu. Simu nyingi hazirekodi kwa kasi moja, mwanga ukipungua inashusha fremu, ukirudi inapandisha. Kicheza video kinafuata alama za muda kwa hiyo sauti inakaa sawa. Baadhi ya programu za kuedit na za kuenkodi DVD zinahesabu fremu tu, na hapo ndipo pengo linapozaliwa, tena halikui kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo hata kunyoosha sauti kwa asilimia hakusaidii. Tiba ni kuinyoosha klipu KABLA ya kuiingiza kwenye projekti. HandBrake (programu ya kubadilisha video) ina chaguo la kasi isiyobadilika ya fremu. Anayependa amri, atumie ffmpeg, programu ya kubadilisha video kwa kuandika amri:

ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=25 -c:v libx264 -crf 16 -c:a pcm_s16le -ar 48000 simu_25.mov

Hiyo 48000 si pambo. Sauti ya DVD-Video hukaa kwenye 48 kHz, ile 44.1 ni ya CD. Ukiacha 44.1 programu nyingine itakataa, nyingine itabadilisha kimyakimya na vibaya.

KataUnga:
Mama, yote sawa ila hiyo fps=25 kwa klipu ya simu iliyorekodiwa kwa 30 siikubali. Unatupa fremu moja kati ya kila sita. Kamera ikizunguka taratibu utaona inagonga kama gari kwenye matuta. Weka fps=30000/1001, tengeneza diski ya NTSC (mfumo wa TV wa fremu 29.97) ya 720 kwa 480. Deki nyingi za PAL (mfumo wa fremu 25) zinasoma NTSC, kinyume chake ndiyo shida.

MamaKlipu:
"Nyingi" si zote. Na mwenye kamera kuu ya 25 halafu klipu tatu za simu, atengeneze NTSC kwa ajili ya klipu tatu?

KataUnga:
Hapana, huyo afuate kamera kuu. Lakini hukusema hivyo mwanzoni.

MamaKlipu:
Sasa nimesema.

BitretiTupu:
Mkimaliza, hesabu ya bitreti, yaani data inayotumika kila sekunde. Gawa 600 kwa dakika za filamu, unapata Mbps (megabiti kwa sekunde) za kila kitu kwa pamoja kwenye diski ya GB 4.7. Dakika 90: 6.6 hivi. Dakika 120: 5. Toa sauti (AC-3, yaani sauti iliyobanwa, ya 0.256 au 0.448), inayobaki ni ya picha. Dakika 60 hesabu itakupa 10, usiifuate, weka 8 basi. Na 4.7 GB ya kwenye boksi ni bilioni za baiti. Kompyuta ikihesabu kwa 1024 inaona kama 4.37. Ndiyo maana faili la "4.5" linakataa kuingia na watu wanalaumu diski.

Kijana_wa_Render:
Mimi huweka 9.8 kila siku, kiwango kinaruhusu. Kwa nini nijinyime?

BitretiTupu:
Kiwango kinaruhusu 9.8 kwa picha, na 10.08 kwa picha, sauti na maandishi KWA PAMOJA. Sauti ya PCM isiyobanwa inakula 1.536. Jumlisha: 11.3. Umeshavunja sheria, na deki itakujibu kwa kukwama kwenye matukio yenye mwendo mwingi. Tumia AC-3, kilele cha picha kisizidi 8 au 8.5 kwa diski za kuchomwa. Macho yako hayataona tofauti, deki kuukuu itaiona.

MzeeWaFremu:
Habari ya kukwama imenikumbusha kesi ambayo inafaa kusomwa na kila anayechoma diski nyingi kwa mkupuo.

Filamu ya saa mbili, diski arobaini. Zote zinacheza vizuri, zikifika kama saa moja na dakika thelathini na tano zinaanza kupasua picha vipande vipande, sauti inakatika, kisha kimya. Si sekunde ileile kwa kila diski, ila eneo ni hilohilo. Ushauri wa kwanza ambao kila mtu hutoa: bitreti kubwa. Inaenkodiwa upya kwa 4.5. Zinaganda palepale. Ushauri wa pili: diski za bei rahisi. Zinanunuliwa nyingine. Zinaganda.

Sasa fuateni namna ya kutenganisha hatua. Kwanza, cheza folda ya VIDEO_TS (yenye faili za DVD) moja kwa moja kutoka diski kuu ya kompyuta, ruka hadi 1:30 uangalie. Ikipita safi, enkodi haina kosa, usiiguse tena. Pili, choma moja kwa ImgBurn (programu ya kuchoma diski) ukiwa umewasha uhakiki, ambao unasoma diski yote na kulinganisha na chanzo. Ukipita, uchomaji hauna kosa. Tatu, ichukue diski hiyohiyo iliyopita uhakiki, iweke kwenye deki KABLA ya kuibandika kitu chochote. Inacheza hadi mwisho.

Stika. Zile karatasi za duara zenye picha ya maharusi.

Sababu: DVD husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na filamu ya saa mbili inajaza diski karibu yote, kwa hiyo mwisho wa filamu uko pembeni kabisa. Stika ikikaa kando kwa milimita moja tu, diski inayumba ikizunguka. Zaidi ya hapo, karatasi na gundi vikipata joto ndani ya deki vinavutana na plastiki, na diski yenye unene wa milimita 1.2 inapinda kidogo. Ukingoni ndiko kupinda kunakoonekana zaidi, miale ya leza inapoteza shabaha.

Kijana_wa_Render:
Arobaini! Na maharusi wamezikodolea macho tu.

PichaTulivu:
Kwa hiyo nibandue stika?

MzeeWaFremu:
Usibandue. Itachanika, nusu ibaki, na diski isiyo na uwiano itazidi kuyumba. Isome kwenye kompyuta ukipunguza kasi ya kusoma hadi 4x, kwa kasi ndogo draivu huvumilia kuyumba. Tengeneza ISO (nakala ya diski nzima kwenye faili moja), choma mpya. Sura ya diski ichapishwe kwa printa kwenye diski zenye uso mweupe wa kuchapia, au andika kwa maka peni ya CD.

ZamaniKaseti:
Mimi nasema choma 1x, matatizo yote yanaisha. Zamani tulichoma 1x na diski zinacheza mpaka leo.

BitretiTupu:
Diski za 16x hazikutengenezwa kwa 1x mkuu, na draivu nyingi hata hazikupi chaguo hilo kwa diski hizo. Rangi ya ndani inayochomwa na leza imepimwa kwa leza yenye nguvu ya kasi kubwa. 8x kwa diski ya 16x, hakiki, lala.

ZamaniKaseti:
4x.

BitretiTupu:
Sawa, 4x. Ila uhakiki usiuruke.

MamaKlipu:
Na kama ni DVD+R, kwenye draivu inayokubali badilisha aina ya kitabu (alama inayoiambia deki hii ni diski ya aina gani) iwe DVD-ROM kabla ya kuchoma. Deki kongwe inayokataa +R mara nyingi inaikubali hiyo. DVD-RW ni ya majaribio tu, inaakisi mwanga kidogo na deki kadhaa haziioni kabisa.

FundiTaimlaini:
Jamani mada ina neno EFEKTI. Stika zimetosha.

PichaTulivu:
Haya, efekti. Nembo ya mteja inatokea na kisanduku cheusi nyuma yake. Aliyeitoa ametumia H.264 ya MP4 kama kawaida, na hiyo haibebi uwazi. Iombe kama ProRes 4444 (aina ya video inayobeba uwazi) au mfululizo wa PNG. Ikija na uwazi lakini ina ukingo mweusi mwembamba kuizunguka, uwazi umetafsiriwa vibaya: kwenye sifa za klipu badilisha kutoka uwazi wa moja kwa moja (straight) kwenda uwazi uliochanganywa na nyeusi (premultiplied).

Kitambaa cha kijani (cha kubadilishia mandhari ya nyuma): nywele zenye ngazi ngazi ni kwa sababu kamera nyingi huhifadhi rangi robo ya mwanga, 4:2:0. Hakuna kitelezi kitakachorudisha kisichorekodiwa. Ondoa kijani kwanza, rekebisha rangi za picha baadaye, na mtu asimame mbali na kitambaa, mita mbili hivi, ili kijani kisimrukie mabegani.

Kijana_wa_Render:
Kurenda (kutoa video ya mwisho) kunakufa kwenye 63% kila mara. Nimebadilisha kompyuta, bado.

PichaTulivu:
Ikifa asilimia ileile, kosa liko kwenye taimlaini. Kata katikati: renda nusu ya kwanza, kisha ya pili, inayokufa igawe tena, hadi ubaki na klipu moja. Mara nyingi ni klipu iliyoharibika fremu kadhaa au efekti inayotegemea kadi ya grafiki. Igeuze klipu hiyo kuwa DNxHR au ProRes (aina za video za kuedit), futa faili za kashe, jaribu tena. Ikifa asilimia tofauti kila mara, angalia joto, nafasi ya diski na dereva ya kadi. Kazi ndefu zenye efekti nzito zitoe kama mfululizo wa PNG: umeme ukikatika kwenye fremu ya 9,000 unaendelea na ya 9,001.

KataUnga:
Na angalia diski ya nje. Ikiwa imeumbizwa kwa FAT32 faili linakwama likifika GB 4, programu nyingine haisemi sababu.

Msomaji_Kimya:
Samahani, mimi swali tu. Menyu yangu ya DVD ni nzuri kwenye programu, kwenye TV vitufe vikichaguliwa vina kingo za ngazi ngazi na maandishi hayasomeki.

MzeeWaFremu:
Tabaka la kuchagua kwenye DVD lina rangi nne tu, na moja ya hizo kwa kawaida ni ya uwazi. Haliwezi kulainisha kingo. Maandishi yabaki kwenye picha ya nyuma, tabaka la kuchagua lichore mstari ulionyooka chini ya neno, unene wa pikseli 4, au kisanduku cha mraba. Usitumie mstari wa pikseli moja, kwenye TV ya fildi utawakawaka.

Msomaji_Kimya:
Duara je?

MzeeWaFremu:
Mraba.