Tupeane uzoefu: kodi na ushuru tunaolipa mjini unafanya nini, na ni nani hasa anayepaswa kuulipa?

Mkazi wa Kivule

Ndugu zangu, ninaleta mada hii kwa sababu ya daftari moja la shule lililokuwa limefungwa kwa kamba kwenye nondo ya dirisha, kando ya mita ya umeme, katika nyumba niliyopanga Tabata, Dar es Salaam. Tulikuwa familia nne kwenye mita moja, na kila aliyenunua umeme aliandika tarehe, kiasi alichotoa na uniti zilizoingia, ili asiwepo wa kudhulumiwa. Daftari hilo lilituweka pamoja kwa miaka mingi, hadi mwaka 2021, ukusanyaji wa kodi ya majengo ulipohamishiwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kuutumia: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Aliyetangulia kununua umeme mwezi ulipoanza ndiye aliyekatwa. Mwezi wa pili kila mmoja akawa anamvizia mwenzake atangulie, tukalala gizani siku mbili na watoto wakiwa na mitihani.

Kilichotuuma hakikuwa hiyo elfu moja, bali ukweli kwamba kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, na tuliambiwa tangu mwanzo kwamba mpangaji anayekatwa arejeshewe na mwenye nyumba wake au apunguziwe kwenye kodi ya pango. Mwenye nyumba wetu alijibu kwamba atumiaye umeme ndiye alipe, na kwa kuwa hatukuwa na mkataba wa maandishi, mazungumzo yaliishia mlangoni kwake.

Sasa nina nyumba yangu Kivule, yenye vyumba vya kupangisha. Kiwango kilipanda mwaka 2023 na kuwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka, na fedha hiyo ninawarejeshea wapangaji wangu yote. Majirani wananiambia kwamba ninawazoesha vibaya. Naomba tupeane uzoefu: ulilipa nini, ulimlipa nani, na uliona kimefanyika nini. Tafadhali tuandike yaliyotupata wenyewe, tuyaache ya kusikia.

Muuza mboga, Mbagala

Kaka yangu, mimi ninauza mboga tangu mwaka 2009 na nimeshika stakabadhi za kila aina: kijikaratasi cha ushuru wa siku kinachochanwa kwenye kitabu, kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000 kilichoanza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2018, na siku hizi risiti ya mashine. Kitambulisho kile nilikipenda, ninasema wazi, kwa sababu mwaka mzima hakuna mgambo aliyegusa beseni langu.

Linalonikera ni choo. Soko nililokuwapo wakati huo lilikuwa na matundu mawili kwa wafanyabiashara wote, na kila tulipoingia tulilipa tena, juu ya ushuru wa asubuhi. Masika yalipofika, maji meusi yalipita chini ya meza za nyanya, nasi tukapanga matofali ili wateja wapate pa kukanyaga. Mtu anayetoa ushuru kabla hajauza fungu lake la kwanza hapaswi kununua matofali ya kukanyagia.

Lakini haki nayo isemwe. Kikundi chetu cha wanawake kumi kilipata mkopo usio na riba kutoka kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo iligawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Tulinunua friji mbili za kugandishia samaki. Nilipozitazama niliona ushuru wangu umerudi nyumbani. Mikopo iliposimamishwa Aprili 2023 kulikuwa na wenzetu waliokwisha kuandaa katiba ya kikundi na muhtasari wa vikao, na ilibidi wasubiri hadi mwaka uliofuata.

Mjumbe wa zamani wa kamati ya mtaa, Ubungo

Katika miaka niliyotumikia mtaa nilijifunza kwamba wengi wetu tunagombana na asiyehusika. Wananchi walikuwa wakija kumlaumu mtendaji wa mtaa kwa sababu ya mashimo ya barabara, wakati barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017. Kodi ya majengo nayo tangu mwaka 2016 imekuwa mikononi mwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kwa sehemu kubwa, ingawa mwananchi bado anaihesabu kuwa ni ya manispaa. Ada ya taka ni jambo jingine tena, kwani kwetu ilimlipa mkandarasi aliyezoa taka na kuzipeleka dampo la Pugu Kinyamwezi.

Hapo kwenye taka ndipo nilipoona dhuluma ya wazi. Nyumba zilizolipa zilikuwa chini ya nusu, na zisizolipa zilimwaga taka mtaroni usiku. Mvua ilipokuja, mtaro ulioziba ulifurika kwenye nyumba za waliolipa.

Mtoto wa Magomeni

Mama yangu ana miaka 74 na anaishi katika nyumba yake mwenyewe. Mwenye nyumba aliyetimiza miaka 60 na anayeishi humo anasamehewa kodi ya jengo, lakini mita haijui umri wa mtu. Nilipeleka nakala ya kitambulisho chake na barua ya serikali ya mtaa mara tatu, ofisi moja ikinielekeza nyingine, na makato yalikoma mwezi wa tano tangu nilipoanza kufuatilia.

Mzee wa Buguruni

Vijana, mimi niliilipa kodi ya maendeleo, tuliyoiita kodi ya kichwa, hadi ilipofutwa mwaka 2003. Baba yangu aliikunja stakabadhi yake ndani ya mfuko wa nailoni na kutembea nayo kila mahali, kwa kuwa mgambo waliweza kumsimamisha mtu alfajiri akiwa njiani kwenda kazini. Sitamani yarudi. Hata hivyo ninadhani mpangaji naye achangie kitu kwa jina lake, kwa maana mtoto wake anakalia dawati lile lile la shule na mkewe anajifungulia zahanati ile ile. Asiyechangia kwa jina lake haulizwi mkutanoni, na yeye mwenyewe haulizi.

Mkazi wa Kivule

Shikamoo mzee wangu. Hoja ya kuuliza mkutanoni ninaipokea, lakini mpangaji anachangia tayari, kwa sababu kodi ya jengo ninayolipa mimi inatoka kwenye pango lake. Akikatwa tena kwenye umeme anakuwa amelipa mara mbili kwa nyumba isiyo yake.

Daftari kama lile la Tabata nimelifunga kwa kamba hapa Kivule pia. Nimeongeza safu ya nne, ya kodi ya jengo: aliyekatwa anaandika kiasi, nami ninatia saini mbele yake siku ninapomrudishia. Jumapili iliyopita mpangaji wa chumba cha nyuma aliniita kabla sijavua viatu, akanionyesha safu yake ya mwezi huu ikiwa bado haina saini. Nilimlipa pale pale.