MREJESHO: MRI ya tezi dume ya mzee wangu
Wakuu, mwezi uliopita niliuliza hapa kama mzee (miaka 67, kipimo cha damu cha tezi dume, PSA, kilisoma 9.2, kiko juu) akatwe vinyama vya kupima (biopsi) moja kwa moja au aanze na MRI (picha ya mashine ya sumaku), wengi mkasema MRI, asanteni sana.

Tumepiga. Kavua saa na mkanda, kachomwa dawa ya mshipani, kalala kwenye lile bomba kama dakika 40 linagonga ngo ngo ngo muda wote. Majibu PI-RADS 4, yani kwenye skeli ya kusomea MRI ya tezi dume ya 1 mpaka 5 uwezekano wa kansa ya kutisha ni mkubwa ila sio uthibitisho, dokta alirudia hilo mara mbili maana mama alishaanza kulia. Ndo wakachukua vinyama wakilenga palepale kwenye doa, sio kubahatisha. Dokta alitutajia utafiti wa PROMIS wa Uingereza, 2017, MRI ilinasa 93% ya kansa hatari, biopsi ya kawaida 48% tu, nilishtuka kwakweli.

Imetoka kansa, Gleason 3+4 (alama ya ukali wa kansa, hii ni ya kati), bado iko ndani ya tezi. Imeniuma sana ila tumeiwahi. Jumatatu tunaonana na dokta wa mionzi, mwombeeni mzee.