Maduka ya zamani ya Kisutu: yavunjwe bila sisi kuulizwa?

Wadau, naomba hili tulijadili bila kurushiana maneno. Jana mchangiaji mmoja kasema maduka ya zamani ya Kisutu na Mtaa wa India, katikati ya Dar es Salaam, ni "majumba ya Wahindi", yavunjwe yote maghorofa yapande. Napinga.

Nazungumzia zile nyumba za ghorofa moja au mbili: chini duka, juu familia. Milango ya mbao ya kukunja, roshani ya vyuma, na juu kabisa ukutani mwaka umechongwa kwenye saruji. Kwenye kona moja ninayopita, mzee wa kahawa huweka jiko lake jioni kwenye ngazi ya duka. Ngazi ile imelika katikati, ukikaa inakupokea.

Kweli, wengi waliozijenga ni wafanyabiashara wenye asili ya India, na mkoloni aliugawa mji kwa rangi: Mzungu kule baharini, Mhindi hapa katikati, Mwafrika Kariakoo. Hilo tusilifiche. Ila mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na jengo lililozidi miaka 10 mwenyewe hakupata fidia. Yakaenda kwa Msajili wa Majumba, chombo cha serikali, kisha mwaka 1990 Shirika la Nyumba la Taifa. Yalichukuliwa kwa jina la nani kama si la wananchi? Basi jengo lililochukuliwa kwa jina langu, niulizwe kabla halijavunjwa.

Mwingine kasema sheria ipo, itayalinda. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja jengo la kabla ya 1863. Boma la Kale lenyewe, jengo kongwe la mjini la enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, ni la 1866 na 1867! Karibu mji mzima uko nje ya tarehe hiyo, mpaka Waziri atangaze kuwa jengo fulani lilindwe. Mlango wa kuchongwa wa kabla ya 1940 unatambuliwa. Nyumba inayoubeba haitambuliwi. Hili linaniuma.

Hoja ya usalama naikubali nusu. Boriti zinaoza, nyaya zimechoka. Lakini tarehe 29 Machi 2013, hapohapo Mtaa wa Indira Gandhi, lililoanguka ni ghorofa jipya, bado linajengwa, likaua watu 36. Tudai ukaguzi kwa yote, mapya na ya zamani.

Ninachotaka si kikubwa. Tangazo libandikwe mlangoni mapema, wapangaji na majirani wasikilizwe, na anayejenga aeleze kwa nini uso wa mbele na baraza visibaki, ghorofa lake likapanda kwa nyuma. Ikishindikana kabisa, jengo lipimwe na kupigwa picha, chumba kwa chumba, kabla ya nyundo.

Mliowahi kupanga huko na nyumba ikavunjwa, semeni: mlipewa notisi ya muda gani, na nani aliwauliza chochote?